Vijiko Viwili vya Unga Mweusi

Kambi ya Nakivale, siku moja kabla hujaondoka

Sifa wangu,

Salamu sitaandika, maana umetoka hapa mlangoni sasa hivi na harufu ya mafuta yako ya nywele bado iko kwenye pazia. Umeenda kanisani watu wakuombee safari ya ng'ambo. Nimekuambia miguu inaniuma, ndiyo maana nimebaki. Miguu haiumi. Nimebaki niandike. Nina muda wa nyimbo nne, mahubiri na maombi, na kwa jinsi pasta wetu anavyopenda kipaza sauti, nafikiri nitamaliza kabla hujarudi.

Usitafute humu habari za koti, wala za chakula, wala za wanaume. Koti watakuonyesha wenye baridi yao. Kuhusu wanaume una akili kuliko niliyokuwa nayo mimi katika umri wako. Nina jambo moja tu, nimelibeba karibu miaka mitatu, na kila nikitaka kulitoa linarudi chini kama dawa chungu. Ni kuhusu lile kopo la kwanza la makala, yale makaa yako ya maganda.

Lakini nikianza na kopo utafikiri ilikuwa ajali. Wacha nianze mbali kidogo.

Tulipokimbia vita kule kwetu Mwenga nilikuwa nimekufunga mgongoni. Baba yako alirudi nyumbani kuchukua cherehani, akasema bila cherehani tutakula nini huko tuendako. Tukasikia risasi upande ule. Jioni, njiani, mtu mmoja wa kijiji chetu alitupita akakimbia, halafu akarudi nyuma makusudi kuniambia, "Mama, usimungoje. Nimemuona chini, pale kwa kisima." Basi nilijua tangu jioni ile ya kwanza. Hakuna siku hata moja ambayo sikujua.

Tulipofika mpakani Bunagana ukaniuliza, "Baba iko wapi?" Nikakujibu anakuja nyuma, amebeba cherehani, ni nzito. Ulikuwa na miaka mitatu, ukaridhika. Ningeacha hapo labda ingekuwa neno la siku moja tu. Lakini kila ulipouliza niliongeza kidogo. Mara baba amefika Goma. Mara anaumwa mguu. Mara kuna mtu amemwona, anakusalimu sana. Sifa, nilikuletea hata salamu zake! Na wewe kila jioni ulikata kipande cha bugali yako, ukakifunika na bakuli, ukasema hiki cha baba. Miaka sita. Asubuhi nilikuwa nakitoa, nakipasha moto, nakula mimi.

Halafu Jumapili moja wakaita wajane mbele wapewe sabuni. Nikasimama, nikaenda. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba uko pale kwenye benchi la watoto. Nilipogeuka na sabuni mkononi nikakuta macho yako. Jioni ulikata kile kipande kama kawaida, ukakiangalia, ukakila.

Mzazi mwenye akili angejifunza palepale. Mimi nilichojifunza ni kwamba mtoto wangu anasamehe bila kelele, nikaona basi mambo si mabaya sana. Ndiyo hivyo mama yako alivyo, nakueleza bila kujipaka poda.

Hata katika kazi yangu ya betri nilianza hivyohivyo. Unanikumbuka na sola moja juu ya bati, nachaji simu za watu, nachaji betri za gari za kuwashia redio na taa. Mtu analeta betri imekufa, macho yake yote yako kwangu. Nilikuwa siwezi kumwambia, mzee, hii imekwisha. Badala ya kuongeza maji ya betri namimina asidi tupu. Inaamka! Inawaka wiki moja kama imetoka dukani, halafu inakufa kufa kwelikweli, haiguswi tena. Wananishukuru wiki ile. Wiki inayofuata nawaambia ni umri. Niliacha siku asidi iliponila kidole hiki unachokijua, na wewe ulifikiri niliungua na mafuta, kwa sababu ndivyo nilivyokuambia.

Sasa kopo.

Ulirudi likizo kutoka chuoni Mbarara na maneno mapya mdomoni. Ulimwaga unga wa muhogo juu ya sinia ukachora kwa kidole: huku lithiamu, huku salfa, katikati maji yanayopitisha umeme. Ule upande wa salfa ukauita kathodi, ukanifanya nirudie mpaka nikaweza. Ukasema salfa ni ya bei ndogo, imejaa duniani, ni nyepesi, inabeba nguvu kuliko vile vitu vinavyowekwa kwenye betri za simu. Ila ina kasoro. Yenyewe haipitishi umeme, lazima ikae ndani ya makala yenye vitundu vidogo sana. Na kila betri inapotumika, salfa inayeyuka, inatoka kwenye vitundu vyake, inakwenda upande wa pili, na hairudi yote. Mara chache tu, betri imechoka. "Sasa mama, kazi yetu ni kutafuta makala itaishika isitoroke." Nikakuuliza kama makala hayo mkiyapata yanaweza kushika na wanaume wa Nakivale. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nilifurahi sana siku ile, kuona nimekuchekesha kwa jambo la shule yako.

Uliokota maganda ya matoke, zile ndizi za kupika, kwa wauzaji wa Kaberebere, gunia zima, ukayaanika juu ya bati yetu mpaka majirani wakasema Mama Sifa anafuga inzi. Ukayajaza kwenye kopo la mafuta ya msaada, ukaziba mfuniko na udongo, ukaacha katundu ka moshi, ukalizika ndani ya moto wa mbabula, jiko letu la makaa. Kopo la pili, lile safi, ulilichora kwa msumari ndani: makala yakisagwa yafike hapa, ndicho kipimo mwalimu anataka. Halafu asubuhi mapema ukaondoka kurudi Mbarara kwa mtihani mmoja uliobaki. Ulinishika mabega. "Mama, usifungue mpaka ipoe kabisa. Hata usikie nini."

Siku ile ilikuwa ya kugawa chakula. Waliita mtaa wetu mapema kuliko tulivyotegemea, nami siwezi kuacha mbabula uani peke yake, unawajua watu, inaondoka na moto ndani. Nikasema nichungulie tu, kama mtu anavyochungulia mboga ya sombe jikoni. Nikainua mfuniko. Makala yalikuwa meusi mazuri, nakuapia, yanang'aa. Halafu hewa ikaingia, na mbele ya macho yangu yakawa mekundu, yakaanza kuliwa kutoka juu. Wee! Nilifunika na sufuria, karibu niikalie, nikalia. Yalipopoa, juu yote majivu. Chini yalibaki mazima. Nikapeperusha majivu, nikasaga yaliyobaki, nikayamimina kwenye kopo lako safi. Yakapungua chini ya alama. Vidole viwili tu, Sifa.

Ningekuambia. Ungenuna dakika tano, ungecheka, tungechoma mengine. Lakini mimi nimelelewa kwamba jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Hata kama huna kitu, unaweka chumvi, unaweka limau moja. Na wewe uliniachia kopo, mara ya kwanza uliponipa sehemu ya kazi yako ya shule, mimi niliyeishia darasa la tano. Nikupe kopo pungufu? Nikaangalia huku na huku nikitafuta kitu cheusi.

Chini ya meza kulikuwa na ile ndoo ya betri za tochi zilizokufa. Nikapasua moja, nikatoa ule unga mweusi unaozunguka kijiti cha katikati. Nikaupasha juu ya bati ukauke. Nikapasua nyingine. Nikasaga pamoja na yako, nikachekecha kwa kitambaa. Ulikuwa mweusi uleule, laini uleule, na ukafika kwenye alama ya msumari. Vijiko kumi vyako, vijiko viwili vya betri za tochi. Uliporudi Jumamosi ukafungua, ukanibusu kwenye paji la uso. "Mama, wewe ni fundi kabisa."

Mengine unayajua, ila hukuyaona kutoka hapa nilipokaa.

Mwalimu wako alituma unga ule kwa wenzake wa ng'ambo, wakauchanganya na salfa, wakatengeneza vibetri kama vya saa. Ikapita miezi, nikasahau, nakuambia kweli. Halafu ukapiga simu unapiga kelele, "Mama, inaishi! Banaichaji mara mamia na iko inaishi! Salfa haitoroki!" Nikapiga vigelegele. Nilikuwa bado sijaunganisha. Ni baada ya kukata simu ndipo ndoo ile chini ya meza ilipoanza kuniangalia.

Na kabla sijapata ulimi, ukapiga tena. Wamepima wakakuta ndani ya makala kuna madini fulani, wakauliza yametoka wapi, mkajibizana huko na huko, mkakubaliana ni udongo. "Ni udongo ya huku, Mama! Migomba inaifyonza!" Mkaandika hivyo kwenye karatasi ya utafiti. Ukaniletea karatasi yenyewe, na jina lako liko pale, la tatu, ukanionyesha kwa kidole. Pasta akakuita mbele. Watu wakashangilia udongo wa hapa Isingiro, sisi ambao hata shamba la kulima tunapimiwa kwa kamba. Ningesema nini siku ile? Ningesimama niseme, samahani ndugu, si udongo, ni tochi?

Ningeweza. Nilipewa nafasi nzuri kuliko mtu anavyostahili. Mwalimu wako alikuja mwenyewe na gari kutoka Mbarara, akachuchumaa uani kwetu na suruali yake safi, akapiga picha mbabula. Unakumbuka alivyouliza na Kiswahili chake: "Mama, hii ndiyo ile sigiri? Sasa wewe nafanya nini siku hiyo? Eleza mimi pole pole, hata kitu kidogo." Hata kitu kidogo! Wewe umesimama nyuma yake, kaye, daftari lako, mkononi, kalamu tayari. Nikasema, "Nililinda moto tu." Ukaandika. Niliona unaandika.

Baada ya hapo ndipo ulipoanza kutembea. Makopo ya pili, ya tatu, ya nne, yote yalikuwa ya kweli, mikono yako mitupu na maganda, na yote yakafa upesi kule ng'ambo. Mkasema labda ni shamba. Ukaenda shamba kwa shamba, Kaberebere, Rwekubo, mpaka kule milimani, ukijaza mifuko na kuandika majina ya wenye migomba. Likizo zako zote, Sifa. Wenzako walikuwa wanaolewa. Ulirudi siku ile ya mvua na viatu mkononi, ukakaa hapa kwenye kigoda, ukanyoosha mikono yako miwili kama unanionyesha kidonda. "Mikono yangu iko na nini, Mama? Mara ya kwanza ilifanya nini yenye haitaki kufanya tena?"

Nikakuambia tumwombe Mungu. Tukapiga magoti. Niliomba kwa sauti, maneno mazuri kabisa, na ndoo iko nyuma ya mgongo wangu.

Hilo ndilo silali nalo. Kosa la kwanza lilikuwa la haraka na la kijinga. Lakini siku ile ya mvua nilikuwa na ukweli wote mdomoni, wewe unalia mbele yangu, nikachagua kuomba. Niliona aibu yangu ina uzito kuliko mikono yako.

Sasa wale wa ng'ambo wamekuita. Si kwa cheti tu, barua yao ulinisomea mwenyewe: wanataka aliyetengeneza lile kopo la kwanza aje atengeneze tena mbele yao, kwenye mashine zao. Wanaita mikono. Na mikono wanayoitaka ni hii yangu, yenye kidole kilicholiwa.

Nimeligeuza jambo hili pande zote, sioni mlango. Ukifika ukachoma maganda, yatakuwa maganda tu, na watakutazama kwa pembe ya jicho, na baada ya miezi watasema yule binti alitudanganya tangu mwanzo, ndivyo walivyo watu wa kambini. Ukifika ukawaambia ukweli, karatasi yao waliyoandika inageuka uongo, na jina lako liko juu yake, na mwalimu wako aliyekutetea mpaka ukapata hati ya kusafiri anaaibika nawe. Ukikaa usiende, hakuna wa kukuita mara ya pili. Wewe si mtu wa kuitwa mara mbili. Sisi hapa hatuitwi mara mbili, umekua unaliona.

Utaniambia, lakini Mama, labda unga wa tochi ndio ulioishika salfa, basi si ndiyo dawa yenyewe? Nimewaza hivyo pia, nikafurahi nusu siku. Halafu nikaona: kama ni huo, umejaa kila duka la dunia. Hawana haja ya migomba yetu wala ya msichana wa Nakivale. Watakushukuru, wataendelea wenyewe. Na mimi sijui kemia, pengine si huo, pengine ni bahati tu ya kopo moja. Usishike neno langu kama mti wa kukuokoa. Sina mti.

Kuna jambo la mwisho na ndilo lililonikalisha chini leo. Nilikuwa sikusudii kuandika barua hii. Nilikusudia uende, nami ninyamaze, nizeeke.

Asubuhi ulipokwenda kusukwa nilifungua sanduku lako. Nilitoa ule mfuko wa makala mapya uliyoyachoma wiki tatu, uliyoyapima, uliyoyafunga mara mbili na kuandika jina la shamba. Nilikuwa nimeshapasua betri za tochi tangu jana. Nikajiambia mtoto wangu hawezi kwenda kuaibika mbele ya watu wale, nitampa mara ya mwisho, itaishi, watampenda, atapata karatasi zake za kuishi kule, halafu Mungu atajua. Nikachanganya. Vizuri, kwa kijiko, polepole, kumi kwa mbili. Nikafunga kama ulivyofunga wewe, mara mbili. Nikarudisha chini ya nguo zako za ndani mahali palepale.

Ukarudi na nywele zako mpya, ukanizungukia nikuone nyuma. Ukasema, "Mama, nisahau nguo, nisahau viatu, lakini ule mfuko siwezi sahau. Ile ni kitu yangu ya kweli."

Mfuko huo si safi, Sifa. Usiubebe. Na huwezi kuchoma mengine, kesho ndiyo kesho, gari la Rwekubo linatoka saa kumi na mbili. Nimekuharibia cha zamani na kipya. Nilichokupa ni hiki kipimo tu, kumi kwa mbili, na jina la aliyechanganya. Ukienda, liandike hilo jina lote, usiandike "mama". Ukibaki, nitakwenda mwenyewe Mbarara kwa mwalimu wako, nimwambie kwa Kiswahili chake, polepole, hata kitu kidogo. Sikuchagulii. Mara zote nilizokuchagulia umeziona.

Sikuombi unisamehe. Nakujua, ungenisamehe hapohapo, kimya, kama ulivyokula kile kipande, na mimi ningeona tena si vibaya sana. Safari hii piga kelele. Nivunjie vyombo. Majirani wasikie.

Wametoka kanisani. Nakusikia njiani, unacheka na wenzako, wanakuita profesa. Sauti yako iko juu sana, sijakusikia ukicheka hivyo tangu siku ile ya unga wa muhogo. Umefika uani. Unawaaga. Nimewaza nichane karatasi hizi, mara mbili nimewaza, wakati naandika mstari huu nawaza.

Unavua viatu. Nakuletea hizi.

Mama yako